Sir Amekataa

Tuseme ukweli tangu mwanzo ili tusisumbuane baadaye: Sir hakukataa. Sir alisaini ile karatasi ya likizo siku ileile aliyoletewa, tena akamkumbusha Lawrence anunue soksi nzito, kwa sababu Ulaya anayoijua yeye ni ile aliyokwenda kutibiwa goti mwezi wa Januari. Aliyesema Sir amekataa ni Lawrence mwenyewe. Alimwambia mama yake mzazi, kwenye simu, mwezi wa Mei, akiwa na akili zake timamu na ametoka kula.

Sasa ilikuwa mwisho wa Agosti na Lawrence alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Kiti chenyewe kipo chini ya jengo la ghorofa sita huko Al Twar, Dubai, nyuma ya meza ndogo, mbele ya mlango wa vioo. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni, anapanda basi kurudi Rashidiya kwenye chumba cha watu sita. Katikati ya hapo ni kufungua mlango, kuandika namba za magari, na kumwambia kila anayeleta chakula kwamba lifti ya kushoto haifanyi kazi. Lifti hiyo haijafanya kazi tangu Ramadhani.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu ambao mtu hulala akaamka umeisha. Huu aliulala nao na kuamka nao, tangu siku aliyorudi, wiki tatu zilizopita. Utauliza, si huyu ametoka likizo juzi tu? Ndiyo. Na hapo ndipo pana maneno.

Lawrence ni mtu wa Vihiga, Kenya bara, ana miaka ishirini na tisa, na mwaka wa nne huu yuko Dubai bila kukanyaga nyumbani. Kazini kwao likizo ya kwenda kwenu hutolewa kila baada ya miaka miwili. Ile ya kwanza aliiuza kwa ofisi akalipia karo, maana alikuwa amejiandikisha kusoma mambo ya hoteli katika chuo kimoja cha jioni. Mama yake, Mama Rosina, hakununa. Alisema miaka miwili mingine itaisha. Ikaisha kweli, likizo ya pili ikakaribia, na mama akaanza kunenepesha jogoo. Mwezi huohuo mwalimu wake wa chuo, Mganda mmoja anayeitwa Miss Daphine, akamwita pembeni akamwambia kuna nafasi mbili za kwenda kusoma Uhispania wiki sita wakati wa kiangazi, kila kitu kimelipiwa, na moja ni yake akiitaka.

Aliitaka. Lakini likizo ni moja, na wiki sita za Uhispania ndizo zilezile wiki sita za Vihiga.

Na tusimwonee, alijaribu kumwambia mama. Alipiga simu siku hiyo akiwa na nia safi kabisa. Mama akapokea kwa kusema, "Jogoo sasa amefika kilo tatu," na Lawrence akasikia mdomo wake ukijibu, "Mama, Sir amekataa."

Hapa lazima niwaeleze wasioishi huku. Sir, yaani bosi, ana kazi nyingi ambazo yeye mwenyewe hazijui. Pesa ikichelewa kufika nyumbani, ni Sir amechelewesha mshahara. Usipopiga simu Jumapili, ni Sir amekuweka zamu. Shemeji akitaka kutafutiwa kazi, ni Sir hataki watu wapya mwaka huu. Wanaofanya kazi za ndani nao wana Madam. Nusu ya Wakenya wa Dubai wamewahi kumsingizia bosi, na hakuna bosi aliyedhurika, kwa sababu nyumbani ni mbali na Sir hafiki huko. Lawrence aliutumia uongo ambao kila mtu anautumia, akafikiri utapita salama.

Uhispania ilikuwaje? Wenzake wa chumbani walimuuliza, akasema ni pazuri, akageukia ukutani. Ukweli ni kwamba kitu alichokifanya sana Uhispania ni kulala. Alipelekwa mji unaoitwa Zamora, mji mdogo wenye makanisa mengi ya mawe, na juu ya minara korongo wamejenga viota. Akawekwa kwa mjane mmoja mzee, Bibi Encarna. Asubuhi alijifunza kutandika meza, kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, na kumsemesha mgeni kwa Kihispania cha kuombea maji na chumvi. Saa nane mchana wanakula, halafu mji mzima unafunga. Bibi Encarna anafunga madirisha ya mbao, nyumba inakuwa na giza la baridi, anamwonyesha kitanda kwa kidole.

Siku ya kwanza Lawrence alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, akingoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Siku ya pili alivua viatu. Siku ya tatu alilala saa tatu mfululizo, akaamka jua bado liko juu, akalia kidogo na asijue analilia nini. Tangu aje Dubai alikuwa hajawahi kulala mchana bila kuweka kengele.

Jua la kule huzama kama saa nne usiku. Kwa hiyo jioni ni ndefu, na kila jioni Bibi Encarna alivaa viatu vyake vyeusi, akampa Lawrence mkono, wakaenda kanisani polepole kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri na mawe ya barabara yanateleza. Wazee waliokuwa wakibarizi kwenye viti vya uwanjani wakaanza kumwita mtoto wa Encarna. Mwanzo ilikuwa mzaha. Baadaye wakimwita anaitika.

Hilo ndilo lililomuuma aliporudi, kuliko uongo wenyewe. Kwa wiki sita alimshika mkono mama wa watu mpaka kanisani, lakini mama yake mwenyewe alimpigia tu simu za dakika tano tano, Lawrence akiwa amejifungia bafuni, bomba la maji likiwa wazi, ili mama asije akasikia kengele za Zamora akauliza ni za wapi.

Basi siku hiyo, mnamo saa saba mchana, Mercyline akaingia. Mercyline ni jirani yao Vihiga, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Rosina, na hapa Dubai analea watoto kwenye villa iliyo mitaa miwili tu kutoka jengo la Lawrence. Alikuwa nyumbani tangu mwanzo wa Juni, Madam wake akiwa amesafiri, ndiyo maana hakujua lolote kuhusu Uhispania. Lawrence alikuwa amehakikisha hajui. Watu wa Vihiga walioko Dubai wana kundi lao la WhatsApp, na neno likiingia humo jioni, asubuhi liko sokoni Chavakali, kulekule Vihiga.

"Umekonda," Mercyline alisema, akiweka mfuko mezani. "Ama umenenepa. Sielewi."

"Nimechoka."

"Pole. Huu ni unga wa wimbi, hii ni mboga ya mrenda mama yako amekukaushia, na hizi karanga ni za shamba. Usiwape watu wa chumba zote." Akavuta pumzi, akajipepea kwa mkono. "Ule mzigo mkubwa nao nimeshafikisha."

"Mzigo gani?"

"Wa Sir."

Lawrence akamtazama.

"Mama yako alisikia narudi, akaja kwetu na karanga kilo mbili, na majani chai, na barua," Mercyline alisema. "Akasema mtu haendi kumwomba mkubwa mikono mitupu. Alitaka nibebe na jogoo, nikamwambia hao watu wa uwanja wa ndege watanifunga. Basi leo asubuhi nimepita kwa Sir kabla Madam hajaamka, nikampa mkononi. Aliniuliza nani ametuma, nikamwambia ni mama ya askari wako. Amenipa kahawa. Si mtu mbaya vile ulisema."

"Barua inasema nini?"

"Sasa mimi nifungue barua ya watu? Ni ya likizo. Kanisa lote linajua. Tangu Juni wanawake wanafunga kila Jumatano mpaka saa tisa, wanaombea moyo wa Sir ulainike. Wanamtaja na jina. Wanasema Thuweni."

Lawrence alikaa. Alikuwa amekaa tayari, lakini alikaa tena.

"Mbona uso umekuwa hivyo?" Mercyline akauliza. "Nilidhani utafurahi."

Hakuwa na nguvu za kutunga kingine. Akamwambia yote, pale pale mezani, akinyamaza kila mpangaji alipopita: Miss Daphine, Zamora, wiki sita, bomba la bafuni. Mercyline alisikiliza bila kumkatiza, na kwa Mercyline hilo si jambo la kawaida.

"Mimi pia humsingizia Madam," alisema mwishowe. "Wiki jana tu nimemsingizia. Lakini mambo ya kanisa kufunga, hapana, Lawrence. Hiyo imezidi." Akachukua mkoba wake. Alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akaufunga, akaufungua tena. "Ongea na mama yako. Usingoje kesho."

Akatoka. Lawrence akabaki na mfuko wa karanga. Kupoteza kazi aliogopa, nani asiyeogopa, na viza yake iko mikononi mwa huyohuyo aliyeandikiwa barua. Lakini alichokiogopa zaidi ni kingine. Chini ya barua lazima mama ameweka namba yake ya simu. Sir anajua Kiswahili vizuri kuliko Lawrence. Akipiga na kusema, mama, mbona mwanao alikuwa Uhispania, basi mama atausikia ukweli kutoka kwa mgeni, na hataamini neno lingine la mwanawe mpaka afe.

Saa tisa na nusu simu ya mezani ikalia.

"Lawrence," sauti ya Sir ikasema. "Ikishasaliwa alasiri, mwachie mwenzio mlango uje nyumbani."

Mwenzake ni Hudson, askari wa zamu ya usiku, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma. Aliamka akilaani, akaja na shati lisilofungwa vifungo. Lawrence akavuka barabara. Nyumba ya Sir haikuwa mbali, dakika sita hivi, na joto lilikuwa lile la Agosti linalomfanya mtu atembee akiutafuta ukuta wenye kivuli. Kwa miaka minne alikuwa hajawahi kuitwa ndani ya nyumba ile.

Bwana Thuwein, mwenye jengo, ni mzee wa miaka sabini na minne. Kazaliwa Unguja, kaja huku angali kijana, na Kiswahili chake amekitunza vilevile alivyokuja nacho. Alikuwa amekaa kwenye zulia sebuleni, mguu wa goti bovu kaunyoosha, miwani puani. Mbele yake palikuwa na sinia ya kahawa, bakuli la karanga lililokwisha kuliwa nusu, na karatasi mbili za daftari.

"Keti," alisema. "Mimi nimefanya nini?"

"Sir?"

"Nakuuliza. Kuna wanawake huko kwenu wanashinda na njaa kwa sababu ya moyo wangu. Yule binti kanieleza. Mke wangu tangu asubuhi anacheka, anasema waendelee, huenda wakafanikiwa. Sasa mimi nataka kujua nimefanya nini."

"Hukufanya kitu, Sir. Nilimwambia mama umeninyima likizo. Ni mimi nilidanganya. Nisamehe."

Mzee aliguna. Hakuonekana kushangaa. Alichukua zile karatasi, akaziweka mbali kidogo na macho.

"Mamako kaniomba hapa nisikusomee," alisema. "Nitakusomea. Mbele ya Mungu nitaulizwa mwenyewe."

Akasoma, polepole, kama mtu anayesoma mkataba.

"Kwa Sir Thuwein. Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mama yake Lawrence anayekulindia mlango. Nimeambiwa unasoma Kiswahili, nashukuru. Anayeandika ni katibu wa kanisa, lakini maneno ni yangu. Sikulaumu, mwenye kazi ndiye anayeijua kazi yake. Naomba jambo moja. Macho yangu yaliingia ukungu mwaka jana. Daktari wa Kisumu anasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia naona mtu akinisogelea. Lawrence hajui, na usimwambie, atakosa raha kazini. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba akija Juni nitamwona vizuri. Juni imepita. Ukimruhusu hata wiki moja kabla ya Desemba, nafikiri bado nitamwona. Karanga ni za shamba langu. Zikaangwe na chumvi kidogo."

Akazikunja karatasi. Lawrence alikuwa anatazama bakuli. Aliona kila karanga peke yake, ngozi zake nyekundu, na aliona aibu kuziona.

"Sikujua kitu," alisema. "Hakuniambia kitu."

"Na wewe hukumwambia kitu," mzee akasema. "Mmelingana. Usinitazame hivyo, mimi sina hadithi ya kukupa wala mawaidha. Kwenda utakwenda, wiki ijayo, hilo khalas, limekwisha, wala usinishukuru. Lililobaki ni hili." Akagonga namba iliyoandikwa chini ya karatasi. "Tangu saa nne naitazama hii namba. Naweza kumpigia sasa hivi nikamwambia, mama, ni kweli nilikataa, dua zenu zimenifika, mwanao anakuja. Uongo mmoja tu. Nimeshasema mikubwa kuliko huo kwenye biashara. Atafurahi, nawe utakuwa salama. Au umpigie wewe. Sitakulazimisha."

Tusimsingizie Lawrence ushujaa. Moyo wake ulirukia lile la kwanza. Aliliona lilivyo laini: Sir anasema, mama anapiga vigelegele, Jumatano inakuwa ya shukrani, yeye anafika na masanduku yake na hakuna anayeuliza. Alikuwa amechoka sana, na lile lilikuwa jepesi. Halafu akamwona mama akimshika uso kwa mikono miwili, akiuvuta karibu na lile jicho moja lililobaki, na huku akimshukuru Mungu kwa kulainisha moyo wa mtu ambaye moyo wake haukuwa na shida. Angemshukuru hivyo kila siku. Angeshukuru mpaka giza likaingia lote.

Akatoa simu yake. Humo sebuleni hapakuwa na bomba la kufungulia.

"Lawi?" mama akapokea. Ni mama peke yake anayemwita hivyo. "Mbona saa hii? Hauko kazini?"

"Niko kwa Sir, mama."

"Barua imefika."

"Imefika."

"Amekasirika?"

"Hapana. Anakula karanga."

"Mungu ni mwema," mama akasema, na ikasikika kwamba amekaa chini.

"Mama, Sir hakukataa. Hajawahi kukataa. Alinipa ile likizo siku ileile. Ni mimi nilienda mahali pengine. Nilienda Uhispania, kusoma. Chuo kilinipeleka. Nikakosa namna ya kukuambia, nikasema ni yeye." Akaona amalize. "Na barua nimesomewa. Yote. Hata ya macho."

Mzee Thuwein aligeuka upande, akaanza kujimiminia kahawa ambayo ilikuwa imekwisha.

Nyuma ya mama kuku walilia, na mtu alikuwa akichanja kuni.

"Wiki ngapi?" akauliza.

"Sita."

"Juni?"

"Juni na Julai."

"Huko ulikuwa unalala?"

Lawrence hakulitegemea swali hilo. "Nililala, mama. Nililala sana."

"Nilijua umelala. Nilimwambia katibu, sauti ya huyu mtoto imepumzika, pengine Sir amempunguzia kazi. Nilifurahi." Akakohoa. "Na maji nilikuwa nayasikia kila siku. Nikadhani unafua."

"Nisamehe, mama."

"Jumatano nitawaambia kina mama waache kufunga. Nitawaambia nini, sijui. Nitatafuta." Hakuwa na hasira, na Lawrence angependa awe nayo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo wa kuni akagundua safari bado. "Sasa unakuja?"

"Wiki ijayo. Sir amesema wiki ijayo."

"Mshukuru. Jogoo tulimchinja Julai, alikuwa ameanza kuwa mgumu."

"Si neno."

"Lawi, nisikize. Ile barua niliandikisha mwanzo wa mwezi. Sasa hivi ni tofauti kidogo." Alisema kama anayeeleza habari za mvua. "Wewe usifanye kama hawa wengine wanaorudi kimya kimya wasimame mlangoni, eti wanamshtua mama yao. Ukifika langoni uanze kuongea. Ongea chochote, uje ukiongea mpaka ufike kwangu, ndio nijue ni wewe."

"Sawa, mama."

"Ungekuja Juni nisingekuambia hivyo."

"Ndiyo, mama," Lawrence akasema.